Kuchukua Mbwa wa Kuokolewa Kuna Maswali Kama ya Visa, na Iko Sawa

Kila nikiposti picha ya Zuhura, inboksi inajaa swali moja: "Ulimnunua ngapi?" Sikumnunua. Nilimtoa kwa kituo cha wanyama waliookolewa, na kabla nimpate nilikuwa nimenyimwa mbwa mara moja. Wengi wenu mnalalamika ati hivi vituo vina maringo, mnaulizwa maswali kama mnaomba visa ya Marekani ilhali mbwa mwenyewe aliokotwa mtaroni. Mimi nasema wawaulize hata zaidi.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa mwaka wa pili, kabla niache chuo, nilinunua katoto ka mbwa kando ya barabara. Elfu tatu, pesa ya HELB, na tafadhali mtu asimwonyeshe mathe hii posti. Muuzaji aliapa ni German Shepherd. Hakuniuliza naishi wapi. Alihesabu noti tu. Siku ya nne kakaanza kutapika, halafu kuhara damu. Daktari wa mifugo akasema ni parvo. Akanieleza watoto wa mbwa huanza chanjo wakiwa na wiki sita hadi nane, halafu inarudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Kangu hakakuwa kamepata hata moja. Kalikufia ndani ya katoni, chini ya kitanda, kwa bedsita ambayo sikuwa na ruhusa ya kufuga hata kuku.

Baadaye nikaenda kituoni nikijiona mtu mzuri sana. Dada wa hapo akauliza: mwenye nyumba amekubali kwa maandishi? Atakojoa wapi? Ukienda ushago Krismasi, nani atamlisha? Nikaanza kutunga majibu. Akaweka fomu kando. "Rudi ukipata uwanja, kaka." Nilitoka nimekasirika vibaya. Sai najua angenipa, ningeua wa pili.

Kwa hivyo kama uko serious, panga nyumba kwanza. Barua ya mwenye nyumba, ua usio na mashimo, na mtu wa kukushikia ukisafiri. Nairobi, KSPCA wako Karen, Barabara ya Lang'ata, na wako na paka pia. Piga simu, nenda, kaa na mnyama, rudi siku nyingine ukaone kama bado mnapendana. Uliza alipatikana wapi na anaogopa nini. Hilo la mwisho watu husahau.

Na mwache kung'ang'ania vipapi! Wakubwa ndio hubaki, na mkubwa unamjua tayari: ukubwa wake, tabia yake, kama anavumilia watoto. Zuhura ana kama miaka minne, sikio moja limeraruka, rangi ni ile kahawia ya kila mbwa wa mtaa. Hakuna anayeuliza ni aina gani.

Kuhusu ada, eti kama ni msaada mbona unalipa? Enda kwa daktari wa mifugo uulize bei ya chanjo na ya kumfunga mbwa kizazi, halafu ulinganishe. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, na hiyo inategemea mbwa wachanjwe. Ile sindano ni ya watoto wa jirani pia.

Mara ya pili nilikuwa nimehamia nyumba ya kushare Ruiru, yenye uwanja. Walikuja kuikagua, wakaona shimo kwa ua ambalo mimi sikuwa nimeliona, wakaenda zao. Nikaziba na mabati, wakarudi, wakakubali.

Wiki mbili za kwanza Zuhura aliishi nyuma ya tangi la maji, chakula anakula usiku tukilala. Wiki ya tatu nikamkuta amelala mlangoni. Bado anaogopa ufagio, kwa hivyo nafagia akiwa nje.