Breki za Gari Kuukuu Zisichaguliwe kwa Bei

Mtu apitaye Kakoba saa za asubuhi hakosi kuona magari makubwa ya zamani, Land Cruiser, Prado na Pajero, yameinuliwa kwa jeki huku vijana wa gereji wameyainamia magurudumu. Magari hayo ndiyo yaendayo Nakivale. Ndiyo yachukuayo wagonjwa, magunia ya maharage na mahindi, mikungu ya ndizi za Isingiro, na watumishi wa mashirika yanayowahudumia wakimbizi. Mengi yamekwisha pita umri wa miaka 20, nasi hatusemi yatupwe. Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo gari la mwaka 1997 lililokwisha kuwako hapa halina mrithi wa bei nafuu, na mwenye nalo hulitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wake wa mwisho.

Basi tunalotaka kulisema ni juu ya namna ya kulitunza. Breki zinapokwisha, swali la kwanza liulizwalo dukani huwa ni moja tu: bei gani? Swali hilo lingepaswa kuwa la tatu. La kwanza ni gari hubeba uzito gani, na la pili ni hupita njia gani.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba breki haiufuti mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto. Gari la tani 2 liendalo kilometa 80 kwa saa, likisimamishwa, huziachia breki zake joto la karibu kilojuli 490. Gari hilohilo likishuka mteremko wenye kimo cha mita 100 kwa breki tupu, bila kusaidiwa na injini, huzipa breki joto sawa na la kusimamishwa mara nne kutoka katika mwendo huo. Sasa na tuufikirie mteremko wa Kichwamba, katika njia itokayo Mbarara kupitia Ishaka kwenda Katunguru, ambako barabara hushuka mamia ya mita hadi chini katika Bonde la Ufa. Dereva ashukaye pale akiwa na abiria wanane na mizigo juu ya paa, gia ikiwa ya juu na mguu haubanduki kwenye breki, anazichoma breki zake. Pedi dhaifu ikifikia joto lile hutoa gesi na kupoteza ukali. Kanyagio hubaki gumu chini ya mguu lakini gari haliitiki. Na kama mafuta ya breki ni ya siku nyingi, yamekwisha kunywa unyevu wa hewa, yatachemka, na kanyagio litazama hadi sakafuni. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kulowa huchemka kwenye 140. Shilingi zinazookolewa kwa kutoyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni chache mno.

Njia ya Nakivale ina adui mwingine. Huko hatari si kushuka sana bali ni vumbi. Vumbi lile jekundu la barabara za changarawe huingia kati ya pedi na diski likafanya kazi ya msasa, na masika yakifika huja tope. Ndiyo maana diski za magari yetu huwa na mifereji kama shamba lililolimwa, hata yale ambayo wenyewe wanaapa kuwa yamekwenda kilometa chache.

Pedi za kubadilishia ni za namna tatu kwa jumla. Zipo zilizotengenezwa kwa nyuzi zisizo za chuma, zipo zilizochanganywa na chuma kwa wingi, na zipo za kauri. Za kauri ni tulivu, hazichafui rimu, nazo zafaa gari la mjini lipelekalo watoto shule. Kwa gari zito la kwenda Nakivale au kushuka Kichwamba sisi tungechagua zenye chuma, ingawa hupiga kelele asubuhi na hula diski upesi zaidi. Kelele ya breki haijamzika mtu.

Ubavuni mwa pedi nyingi huchapwa mstari wa herufi na tarakimu ambao wanunuzi wengi hawautazami. Mwishoni mwa mstari huo huwa na herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza yaeleza msuguano wa pedi katika joto la kawaida, ya pili yaeleza msuguano ikiwa imepata moto mkali. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE, kwa mfano, hupungua ukali pale hasa inapohitajiwa. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani, wala haziwezi kusema kama aliyezichapa ni mwaminifu. Alama nyingine ni E yenye namba ndani ya duara, ikifuatana na maneno 90R. Maana yake ni kwamba pedi imepimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa itakayo pedi ya badala isiachane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Boksi lenye jina kubwa lakini pedi tupu isiyo na herufi hata moja lirudishwe kaunta palepale.

Diski nazo zina lugha yao. Kwenye chuma chake hupigwa chapa ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, ambao aghalabu hupungua kwa milimita 2 hivi tu kutoka unene wa diski mpya. Fundi mwenye kipimo aweza kuusoma kwa dakika moja. Diski yenye mifereji inaweza kukerezwa ikawa laini, na kazi hiyo si mbaya, mradi ikiisha kukerezwa isiwe chini ya chapa ile. Ikiwa chini, imekuwa sahani nyembamba isiyoweza kubeba joto. Itapinda, na usukani utatetemeka mikononi mwa dereva. Kuweka pedi mpya juu ya diski ya namna hiyo ni kupoteza fedha mara mbili. Kadhalika, diski zibadilishwe kushoto na kulia pamoja. Zile zilizotobolewa matundu ambazo vijana huzipenda kwa urembo, tope la Rubondo litayaziba matundu yake siku ya kwanza.

Jeshini dereva hufundishwa kulikagua gari kabla ya kulitoa, na breki ni miongoni mwa mambo ya kwanza. Katika magari ya kiraia tunaona desturi nyingine isiyotupendeza. Tajiri humkabidhi dereva fedha kidogo na kumwambia akatafute za bei ndogo. Ajali ikitokea, anayeandikwa kwenye karatasi za polisi ni dereva. Maoni yetu ni kwamba mwenye gari aandike mwenyewe namna ya pedi anayoitaka, atoe fedha zinazotosha, na wakati wa kazi awepo au amtume mtu anayemwamini. Asipofanya hivyo, lawama ya kwanza ni yake.

Akiwepo gereji, na atazame mambo machache. Kutu na udongo vikwanguliwe kwenye kikombe cha gurudumu kabla diski haijaketi, la sivyo hata diski mpya itayumba. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Umoja wa Ulaya ulikwisha piga marufuku asibesto mwaka 2005, lakini hakuna awezaye kuapa juu ya kilichomo katika pedi za zamani zisizo na jina, na asibesto huleta saratani. Kilometa 200 za kwanza dereva akanyage taratibu, asifunge breki ghafla ila kwa dharura.

Pedi na diski zilizotolewa zisiachwe kwenye lundo la gereji. Tumeona pedi zilizobandikwa ngozi mpya kwa gundi na kurudi sokoni ndani ya boksi safi. Mwenye gari aombe zikatwe mbele yake, kisha ziuzwe kwa kilo pamoja na vyuma vingine chakavu.