Jirani wa Makumbusho

Sisi tukaao Bujora tumezoea wageni. Huja kuyaona Makumbusho ya Wasukuma, kazi aliyoianzisha marehemu Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada. Nao huongezeka mwezi wa Juni, wakati wa Bulabo, Bagika na Bagalu washindanapo kwa ngoma. Wakaribishwe. Lakini nje ya lango la makumbusho ni makazi ya watu.

Juni iliyopita mama mmoja alikuwa akichimba viazi vya michembe shambani mwake. Kundi la wageni lilisimama njiani, likampiga picha kana kwamba anacheza bugobogobo, likaenda zake bila hata “mwangaluka”. Mama aliacha jembe, akaingia ndani. (Nakiri kwamba mimi nami nilipata kuwaingiza wageni uani kwa jirani pasipo kupiga hodi, nikidhani kanzu yangu yatosha kuwa ruhusa.)

Mchezaji ngoma aliye uwanjani amekubali kutazamwa; mama yule hakuulizwa. Awatembezaye wageni na awafundishe kwanza salamu, kisha amwombe mwenye shamba ruhusa. Naye akikataa, kamera na irudi mkobani.