Kilo Nne na Nusu

Mtoto akipimwa akapatikana na kilo nne na nusu, wadi nzima husikia. Shangazi aliyeteremka kutoka kijiji cha Ihithe na bakuli la njahi atayasifu mashavu, na nyanya atasema mjukuu ameshiba tangu tumboni. Huenda ni kweli. Huenda ameshiba kupita kiasi, na shibe hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandaa toleo hili.

Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma. Insulini yake haivuki. Sukari ya mama ikipanda, kama ilivyo kwa mwenye kisukari, kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini kwa wingi, nayo humnenepesha, hasa mabegani. Jørgen Pedersen, daktari wa Copenhagen, alilieleza hili katika miaka ya 1950. Wakati wa kuzaliwa mabega yanaweza kukwama na mishipa ya fahamu ya mkono ikaumia. Hilo wakunga wanalijua na wanalihofia. Linalotutia wasiwasi zaidi ni linalokuja baada ya pongezi. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma papo hapo, ilhali insulini ya mtoto ingali tele. Katika saa chache sukari yake huporomoka. Atatetemeka, atalegea, atakataa titi. Au hataonyesha dalili yoyote mpaka degedege imshike na ubongo udhurike. Mapafu nayo huweza kuchelewa kukomaa, na hapo ndipo jicho hudanganyika: mwili wa mtoto mkubwa, pumzi ya njiti.

Kwa hiyo tunasema wazi: kila mtoto wa mama mwenye kisukari anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, achomwe kisigino, apimwe sukari, na kipimo kirudiwe siku nzima hata akionekana mzima. Ni tone moja la damu. Mwaka 2018 Nyeri, nchini Kenya, iliteuliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kuwa kaunti za majaribio ya afya kwa wote, na kisukari kilikuwa miongoni mwa sababu za kuichagua. Mikoba waliyopewa wahudumu wa afya ya jamii mwaka 2023 ilikuwa na kipima sukari ndani. Lakini bado tunakiona kisukari kama maradhi ya wazee.

Mchuma chai wa Tetu, huko Nyeri, mwenye mimba ya miezi sita hakioni kuwa chake. Kliniki huchovya kijiti kwenye mkojo wake, kipimo kinachowapita wengi. Kipimo cha kuaminika, kati ya wiki ya 24 na ya 28, humtaka aje bila kula, anywe gramu 75 za glukosi na asubiri saa mbili. Hiyo ni asubuhi nzima ya majani yasiyochumwa, na anayepanga huduma bila kuihesabu asubuhi hiyo asimlaumu mama asiyefika. Aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, naye, aulizwe mapema kama anataka mtoto, kwa maana moyo na uti wa mgongo wa kijusi huumbika katika wiki nane za mwanzo, wengi wakiwa hawajafika kliniki.

Wiki ya sita mama hurudi na mtoto kwa chanjo. Mtoto huchomwa sindano, kitabu hugongwa mhuri. Mama aliyepata kisukari cha mimba yuko palepale mbele ya muuguzi, amempakata mwanawe, na siku hiyo hiyo angeweza kupimwa sukari yake.