Kodi ya mjane kabla ya pilau ya hitma



Ndugu zangu, leo nasema jambo ambalo na mimi limo shingoni mwangu. Hapa Dar es Salaam, mtaani kwetu, alifariki fundi seremala, mpangaji wa vyumba viwili. Msiba ulijaa watu. Turubai, viti, katoni za maji, na siku ya hitma ng'ombe mzima akachinjwa. Nikasoma dua, nikala pilau, nikaondoka. Wiki ya tatu, mjane yumo edani, kodi ikaisha, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya mji huu. Tulipopata habari, vyombo viko nje, na mama wa watu amekwenda kubanana kwa dada yake na watoto watatu.

Ng'ombe yule alikuwa ndiyo kodi ile, na chenji ingebaki.

Eda ya mjane sote tunaijua, miezi 4 na siku 10. Bibi Furay'a bint Malik (r.a.), dada yake Abu Said al-Khudri, mumewe aliuawa wala hakumwachia nyumba aliyoimiliki. Aliomba kurudi kwa jamaa zake, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru abaki pale pale mpaka muda wake utimie. Sayyidna Uthman naye alikuja kuhukumu kwa habari hiyo. Basi sisi masheikh tunamhimiza mjane asitoke nyumbani, na hatumuulizi kodi inaisha lini!

Fedha za jambo hili zipo. Surat At-Tawba, aya ya 60, inataja mafungu manane ya zaka, na wenye madeni wamo. Kodi iliyolimbikizwa ni deni. Asiye na deni bado, lakini hana cha kulipia miezi ijayo, atazamwe katika mafukara na masikini. Lakini sisi zaka tunaigawa Ramadhani kwa noti za elfu tano tano, watu foleni, na haimtoshi yeyote. Mimi naona afadhali familia nne zisitolewe vyombo nje kuliko watu mia kurudi na elfu tano. Wako watakaonipinga, sawa, waje tuzungumze.

Kamati imlipe mwenye nyumba kwa idhini ya mdaiwa mwenyewe, ichukue risiti, na picha asipige mtu. Wanaojua nani kakwama ni akina mama wa darsa, hivyo wawemo kwenye kamati. Mwenye nyumba naye afuatwe mapema, kwa adabu, aombwe apokee mwezi mwezi. Tusimfanye adui, wengine ni bibi vizee, kodi hiyo ndiyo unga wao.

Yule mama bado yuko kwa dada yake. Chumba kimepatikana karibu na msikiti, tumeshachanga kodi ya miezi minne, imebaki miwili. Ijumaa baada ya swala nitakuwa kibarazani na mweka hazina.

Wabillahi tawfiq.