Visanduku vya kubahatisha: mtoto ananunua mdoli au ananunua bahati?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu Waislamu, wazazi na wanafunzi, sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Mama mmoja wa hapa Buyenzi ameniletea swali ambalo naona linawahusu wengi, hivyo nalijibu hapa. Mjomba wa watoto wake anafanya kazi Dubai, na kila akipata msafiri huwaletea wapwa zake vile visanduku vya midoli ya Labubu. Kisanduku kimefungwa, huwezi kujua ndani kuna mdoli gani mpaka ukifungue. Mtoto akipata rangi ambayo tayari anayo huona amedhulumiwa, na hapo hapo huanza kuomba kingine. Majirani wamemwambia mama huyu ni haramu, mmoja kwa kuwa ni sanamu, mwingine kwa kuwa eti ni shetani.

Hili la shetani tulimalize haraka. Mwaka 2025 ulisambazwa kwenye simu uvumi kwamba Labubu ametokana na pepo wa kale aitwaye Pazuzu. Si kweli. Aliyemchora ni Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, na alimtoa mwaka 2015 katika vitabu vyake vya picha akiwa ameathiriwa na hadithi za watu wa Ulaya ya kaskazini. Kampuni ya China iitwayo Pop Mart ndiyo iliyokuja kumwuza dunia nzima. Tusiwatishe watoto kwa jambo la uongo, kwani siku watakapogundua si kweli watatuhesabu waongo hata katika yale ya kweli tunayowafundisha.

Na la sanamu, wanachuoni wamelizungumza zamani. Wengi wao wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, wakitegemea hadithi za Bibi Aisha (r.a.) na wanasesere wake, na katika Sunan Abi Daud yumo yule farasi wake wa mbawa ambaye Mtume (s.a.w.) alimwuliza habari zake, akacheka. Wapo wanaolishikilia zaidi jambo hili, na nawaheshimu. Lakini leo sitaki kuingia huko, kwa sababu naona watu wanagombana juu ya mdoli huku wameuacha mkataba wenyewe.

Tuutazame mkataba. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani biashara ambayo kinachouzwa kimefichika, hujui unapata nini. Na katika Bukhari na Muslim, Abu Said al-Khudri (r.a.) amepokea katazo la mulamasa. Mulamasa ilikuwa biashara ya kijahiliya: mtu anaigusa nguo tu kwa mkono, bila kuikunjua na kuitazama, na kule kugusa ndiyo inakuwa mauzo. Sasa nenda kwenye maduka ya visanduku hivi, au tazama video zake. Utawaona watu wazima wanakibonyeza kisanduku, wanakitikisa sikioni, wengine wanakuja na mizani ndogo wapime uzito, ili wabahatishe kilichomo ndani. Mimi nimefundisha hadithi ya mulamasa miaka mingi, na wanafunzi walikuwa wakiniuliza, ustadhi, nani atanunua nguo namna hiyo? Leo siulizwi tena.

Najua jibu litakalokuja: mbona tunanunua tikiti maji bila kuona ndani? Ni swali zuri na mafakihi walilijibu. Gharar kidogo isiyoepukika imesamehewa, kama tikiti, komamanga, au msingi wa nyumba uliofukiwa ardhini. Lakini angalia tofauti. Muuza tikiti sokoni angependa uone ndani. Hukata kipande akakuonyesha wekundu wake ili ununue. Kufichika kwa tikiti ni kazi ya ganda, si kazi ya muuzaji. Kisanduku hiki kimefichwa kwa makusudi, na ukikiondolea siri biashara yenyewe inapotea. Hapo ndipo ninapoona ubaya: siri si kasoro ya bidhaa, siri ndiyo bidhaa.

Wapo wanaosema hii si kamari kwa sababu kila mnunuzi anapata mdoli, hakuna anayetoka mikono mitupu. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana siwezi kusema kwa ulimi wa mufti kwamba ni maysir moja kwa moja. Mimi ni mwalimu wa madrasa tu. Lakini tupige hesabu. Katika toleo la mwaka 2025 liitwalo Big into Energy kuna midoli 6 ya kawaida, na mmoja wa siri ambaye kampuni yenyewe inasema hupatikana kwa uwezekano wa 1 kati ya 72. Anayenunua kimoja kimoja, hata akiusahau ule wa siri, atahitaji kwa wastani visanduku 15 hivi ndipo akusanye ile 6 yote. Na anayeutaka wa siri, akinunua visanduku 72, bado uwezekano wa kuukosa kabisa ni zaidi ya theluthi. Huo wa siri huuzwa mkononi kwa bei kubwa kuliko ya dukani. Basi mnunuzi anatoa pesa ya mdoli mmoja akitumaini kupata wenye thamani ya midoli mingi, na wengi wakose ili mmoja apate. Mwenye akili aseme hili linafanana na nini.

Na asije mtu akasema ni watoto tu. Ibn Kathir, katika tafsiri ya aya ya 90 ya Suratul Maida, ametaja kutoka kwa Ata, Mujahid na Tawus kwamba kila kamari ni maysir, hata watoto wakichezea kokwa za jozi. Wale watu waliona mbali. Hawakuogopa kokwa, waliogopa mkono unaozoea.

Hata wasiokuwa Waislamu wameliona. China yenyewe, nyumbani kwa kampuni hii, mwaka 2023 ilitoa mwongozo kwamba visanduku hivi visiuzwe kwa watoto wa chini ya miaka 8, na wakubwa kidogo wauziwe kwa ridhaa ya mzazi. Ubelgiji, ambako ndugu zetu wengi wa Burundi wanaishi, mwaka 2018 tume yao ya kamari ilisema visanduku vya namna hii ndani ya michezo ya kompyuta, vya kulipiwa, vinavunja sheria ya kamari. Mzazi aliye huko, au aliye hapa na mtoto ana simu, aangalie na hilo pia.

Ama huyo mjomba, Allah amlipe kwa kuwakumbuka wapwa zake. Watoto hawana dhambi, wao wamepokea zawadi, na katika zawadi baadhi ya mafakihi, wakiwemo Wamaliki, wamesamehe kutojulikana ambako hawakukusamehe katika mauzo. Anayenunua ni yeye. Amwombe muuzaji midoli ambayo huuzwa wazi, maana ipo, au anunue uliokwisha kufunguliwa unaoonekana rangi yake. Ama ile katoni nzima ya visanduku 6, ambayo kwa kawaida haina wa kujirudia, hiyo ni nyepesi zaidi kwa kuwa anajua anachopata, ingawa wa siri huweza kuingia mahali pa mmoja. Ila katoni nzima kwa ajili ya midoli, hapo nitamwuliza habari ya israfu! Na ajihadhari na ya bandia, ile waliyoipa jina la Lafufu. Agosti 2025 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya kwamba vipande vyake vinaweza kukatika na kumkaba mtoto mdogo.

Wanafunzi wangu wameniuliza pia habari za kubadilishana. Midoli ikishafunguliwa, huyu ana wa kijani na yule ana wa waridi, kila mmoja anaona anachotoa na anachopokea, wakaridhiana, hakuna tatizo. Vivyo hivyo kuuza. Kilichokatazwa ni kumwuzia mwenzako kisanduku kikiwa bado kimefungwa, tena kwa bei ya juu kwa kumwambia huenda humo umo wa siri. Kifungue kwanza mbele yake, kisha muuzie kwa bei ya kile mnachokiona nyote wawili.

Wallahu aalam.