Mohamed Amin na habari za jirani zetu

Hapa Kizwite, habari za Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hutufikia kwa redio za London na Bonn. Wachuuzi wa samaki wa Kasanga, ufukweni kwetu, huenda wamezisikia mapema, lakini nani anawauliza? Jambo hili linaniuma mimi mwalimu wa uraia, maana mfano wa mwanahabari wa kwetu tunao.

Mpiga picha za habari Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, akipiga picha za njaa. Michael Buerk wa BBC akazisimulia, na dunia ikafungua mifuko. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimnyang'anya mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia! Alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro.

Wengi humsifu kwa ushujaa. Mimi namsifu zaidi kwa kuijua kanda hii, njia zake na watu wake. Basi vituo vyetu vya habari viweke waandishi wa kudumu kwa jirani zetu, Lubumbashi na Mpulungu, viwalipe vizuri, viwakatie bima.