Kufuli Imara, Daftari Wazi
Ledger, kampuni ya Ufaransa iliyojipatia sifa kwa kuuza vifaa vya kuhifadhia funguo za siri za sarafu za kidijitali, ilipotangaza Julai 2020 kwamba daftari la wateja wake limedukuliwa, ilisema waliofichuliwa majina, anwani na simu ni kama 9,500. Disemba, orodha hiyo ilipotupwa hadharani, ikadhihirika kuwa ni yapata 272,000. Funguo zenyewe, kweli, hazikuguswa. Walakini mwizi aliyekwisha kuijua nyumba yenye hazina ana haja gani ya kuvunja kufuli, hali aweza kumtisha mwenyewe, au kumpelekea kwa posta kifaa bandia, kama walivyopelekewa baadhi yao mwaka 2021? Kwa rai yangu, muuza makufuli aliyeshindwa kusitiri anwani za wanunuzi wake amekhini amana, na udhuru wake haukubaliki.